Mwalimu Zuhra Aiona Ujiji

Stendi ya Kasulu ilikuwa imefurika Jumamosi ile. Makondakta waliita abiria wa Kigoma, akina mama waliinua ndoo za parachichi hadi kwenye madirisha ya mabasi, na bodaboda zilipita popote penye upenyo. Moja ilimpitia Zuhra karibu mno. Chuma cha pikipiki kikanasa gauni lake la kitenge cha njano, kitambaa kikalia chwaa, pindo likachanika hadi juu ya goti.

"Mungu wangu!" alisema, akijiziba kwa mkoba.

"Dada, ingia humu dukani!" sauti ya kiume ilimwita. "Jifunge khanga hii, unipitishie hilo gauni."

Aliyeita alikuwa Mansuri, fundi cherehani, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka. Alishona barazani huku Zuhra akisubiri nyuma ya pazia.

"Unatoka wapi, dada?"

"Kibondo. Nafundisha historia sekondari, ila kwetu ni Morogoro. Kila mwaka nawafundisha watoto habari za Ujiji, na mwenyewe sijaiona."

"Ujiji? Si ndiko nilikozaliwa! Nitakupeleka."

Gauni lilirudi limeshonwa vizuri, mshono hauonekani.

"Nikulipe nini, fundi?"

"Namba ya simu."

"Una bei kali wewe!" Zuhra alicheka. Lakini namba aliitaja.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula ugali wa muhogo na maharage, mwalimu. Nimekosa kitu kimoja tu."

"Chumvi?"

"Wewe."

Mara Mansuri alipanda basi kwenda Kibondo, mara Zuhra akashuka Kasulu, wakanywa chai na kuzunguka sokoni hadi jua likapoa. Walipendana waziwazi. Lakini Ujiji ikitajwa, Mansuri hugeuza maneno. Mwezi ujao. Ngoja mvua ipungue. Ngoja kidogo, mpenzi.

Jioni moja Zuhra alichoka.

"Mansuri, niambie kweli. Ujiji una mke?"

Kwa mshtuko Mansuri aliangua kicheko, na kicheko hicho kiliharibu kila kitu.

"Unanicheka? Basi usinipigie tena!"

Hakupokea simu yake wiki nzima. Usiku alilia, asubuhi akafundisha macho yamevimba. Ilipofika Jumamosi alivaa dera la bluu na ushungi mweupe, akapanda basi la Kigoma peke yake. Mke awepo au asiwepo, Ujiji ataiona.

Basi liliposimama Kasulu aligeuzia dirisha kisogo. Alikuwa amechelewa. Mansuri, aliyekuwa akipokea mzigo wa vitambaa, alikwisha kumwona. Aliuacha mzigo dukani, akadandia basi, akasimama pembeni ya kiti chake akihema.

"Hapa pana mtu?"

"Pana."

"Nani?"

"Mkeo."

Mama mmoja kiti cha nyuma akaguna kwa kicheko.

"Zuhra, sina mke. Sina hela." Alisema polepole, bila kujali wanaosikia. "Nilitaka nikupeleke kwa gari la kukodi, tukale kwenye hoteli inayotazama ziwa. Wewe ni mwalimu. Kila nikiweka akiba, linazuka jambo inaisha. Nikaona aibu."

Zuhra alimtazama. Hasira ilikuwa ikimtoka, na hakutaka itoke upesi hivyo.

"Mimi nimekuomba hoteli?"

"Hapana."

"Nimekuomba nini?"

"Ujiji."

"Basi kaa, gari linaondoka."

Ujiji waliizunguka kwa miguu. Zuhra alisimama mbele ya kila mlango wa zamani, akipapasa mbao zilizochongwa, akieleza misafara iliyopita hapo. Mansuri naye akamwonyesha ukuta alipovunjika jino akicheza mpira. Waliteremka hadi ziwani, wakatazama mafundi wakiziba nyufa za mitumbwi kwa pamba. Wakala samaki wa kukaanga aina ya mgebuka kwenye banda, sahani moja, mikono ikigongana. Zuhra alivua viatu akaingia majini hadi kwenye vifundo.

"Unafurahi?" Mansuri aliuliza.

"Wewe huoni?"

Walikuwa wakikata vichochoro kurudi stendi, sauti ikatoka kwenye baraza moja: "Mansuri! Unapita kwangu kama mgeni?"

Alikuwa shangazi yake, Bi Rabia, ungo wa mchele mapajani. Aliwatazama wote wawili, macho yakabaki kwa Zuhra.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu, shangazi... huyu ni mwalimu. Wa Kibondo. Anafundisha..." Jasho lilimtoka.

Zuhra alipiga goti kidogo. "Shikamoo, shangazi. Mimi ni mchumba wake. Anataka kuniposa tangu asubuhi, ila maneno yamemkwama."

"Marahaba, mwanangu!" Bi Rabia aliweka ungo chini, akapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia madirishani, kisha akamshika Zuhra mkono kumwingiza ndani.

Mansuri alibaki kichochoroni, mdomo wazi.

"Zuhra, kweli?"

"Kweli," alijibu mlangoni, akitabasamu. "Sasa funga mdomo, uje tukae."