Bima Ililipa Bati, Mguu Wangu Je?

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, fundi cherehani wa Chang'ombe hapa Dodoma. Nilikuwa fundi, niseme hivyo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia... upo, lakini ni wa kuonyesha tu!

Siku hiyo nilikwenda Kibaigwa kununua mahindi ya chakula. Shemeji yangu Idi, mdogo wa mume wangu, alikuwa na safari ya huko, akanipa lifti kwenye gari lake. Wakati wa kurudi akawa anashindana na malori. Nikamwambia, "Shemeji, mahindi hayaozi, punguza mwendo." Akacheka. Akataka kulipita lori jingine... gari likaacha njia, likabingirika!

Wasamaria walinitoa, wakanipakia kwenye gari la kwanza lililopita hadi hospitali. Trafiki walipofika walimkuta Idi, kakwaruzwa kidogo tu. Akawaambia alikuwa peke yake!

Aliogopa kesi ya kujeruhi mtu. Mama mkwe akaja wodini, akanishika mkono, akaniomba niseme nimeanguka kwenye shimo la msingi nyumbani. "Mwanangu, mtu hamshitaki ndugu yake. Mambo ya ndani tutayamaliza ndani." Mume wangu alisimama pale pale, anaangalia dirisha.

Nikasema nimeanguka shimoni. Daktari aliniangalia sana, akaandika nilichosema. Mguu usagike vile kwa shimo gani, jamani?

Nilipotoka hospitali, ukoo ulikaa. Idi akaleta mbuzi wa kuchinja, kisha akapiga magoti kuniomba radhi mbele ya wazee. Kwetu ukishatoa mkono wa radhi na nyama ikaliwa, neno hilo limekufa. Ukilifufua, wewe ndiye mbaya. Nikampa mkono. Nikala na maini, mjinga mimi!

Miezi ikapita. Mfupa haukuunga sawa. Daktari akasema bila upasuaji mwingine nitatembea na magongo maisha yangu yote, na hela ya upasuaji hatuna. Nikiwa bado nalia na hilo, nikasikia honi nje... gari la Idi, linang'aa! Nikamuuliza kalitengeneza kwa fedha gani. Akajibu kwa furaha, wala hakuona aibu, "Bima, shemeji! Si nina bima kubwa?"

Nikaenda kwa siri kwa wakili mmoja mtaa wa Makole. Akanieleza jambo ambalo hakuna aliyelisema kwenye kikao: abiria aliyeumia ana haki ya kudai, na wa kudaiwa ni bima ya gari, si mfuko wa ndugu. Yaani muda wote niliogopa kumfilisi shemeji, kumbe! Lakini sasa polisi wanajua gari lilikuwa na mtu mmoja, na hospitali inajua nilianguka shimoni. Nikitaka kudai, lazima kwanza nikiri uongo wangu, na Idi naye afuatwe kwa kuwadanganya polisi.

Nikamweleza mume wangu. Akasema nikithubutu nichukue magongo yangu nirudi kwetu, watoto wanabaki. Mama mkwe hanisemeshi, eti nimekula mbuzi wa watu kisha nataka kumfunga mwanawe. Nyumba yao, watoto wao... niende wapi mimi?

Kikulacho ki nguoni mwako! Na mjue, anayenipeleka kliniki ni Idi huyo huyo, kwa gari lile lile, na mimi nakaa kiti kile kile. Barabara nzima nimefumba macho. Akinishusha nasema, "Asante, shemeji." Ningesema nini?

Wenzangu, nawasihi. Ndugu akikuumiza kwa gari, msamehe. Mbuzi wake mle ukipenda. Lakini trafiki na daktari waambie siku hiyo hiyo ulikuwa umekaa wapi, hata mama mkwe alie machozi ya damu. Uliza haki yako kabla hujatoa mkono. Mimi wodini mle nilimwonea huruma kila mtu, isipokuwa yule aliyelala kitandani.