Chupa ya Nne

Maiti ililala kifudifudi kati ya meza mbili, kisogo kimepasuliwa kwa stuli. Jua la alasiri lilikuwa bado linapenya mlangoni mwa baa. Seremala aliyeirusha stuli ile alikuwa ameegemezwa ukutani, pingu mikononi, anakoroma.

"Kesi imeisha, Afande," konstebo alisema. "Mashahidi wote wamemwona."

Kesi iliyoiva kabla ya kuinjikwa ilimtia Inspekta shaka. Alimwita mpishi pembeni.

"Huyu seremala ni mkorofi?"

"Asipolewa, mtulivu kama maji mtungini. Akizidisha, hata kivuli chake anakipiga. Ndiyo maana Dada wa kaunta hampi zaidi ya chupa tatu. Akibisha, anapewa maji na kuitiwa teksi. Hapa hatujawahi kuona damu."

"Na leo?"

Mpishi alitazama sakafu. "Leo alifunguliwa ya nne. Na nyingine. Na nyingine."

Dada wa kaunta alikuwa anafuta glasi iliyokwisha kung'aa.

"Marehemu unamfahamu?" Inspekta aliuliza.

"Mteja."

"Mteja tu?"

"Wateja ni wengi, Afande."

"Nani alimkalisha meza moja na seremala?"

Kitambaa kilisita. "Kulikuwa kumejaa."

Inspekta aligeuka. Nusu ya meza hazikuwa hata na alama ya glasi.

"Dada, usinifanye mtoto. Marehemu ni nani wako?"

Dada aliiweka glasi chini, akasema kwa sauti ndogo: "Shemeji. Amemwoa mdogo wangu. Juzi kamvunja taya. Tulikuja kituoni kwenu, tukaambiwa mambo ya mke na mume tukayamalize nyumbani."

Inspekta alivua kofia yake.

"Ukaamua kuyamaliza."

"Nilimnong'oneza seremala kwamba yule bwana anamcheka. Nikaendelea kumfungulia. Nilitaka shemeji naye aonje kipigo, basi. Kufa sikukutaka."

"Kazi yako ni kujua pa kuzuia."

"Naijua. Ndiyo maana nilijua pa kuachia."

Zogo lilizuka mlangoni. Mwanamke aliyefungwa bandeji usoni aliwapenya askari, akajitupa juu ya maiti. Kinywa hakikufunguka; kilio kilibaki kooni. Alipoinua macho na kumwona dada yake, alimnyooshea mikono.

Dada alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga rafu.

"Nitoe kwa mlango wa nyuma, Afande," alinong'ona. "Asinikumbatie."