Kwa Nini Montás Huruka

Nje ya uwanja wa besiboli wa Santo Domingo, kwenye foleni ya yaniqueque, chapati za kukaanga zinazochuruzika mafuta, Vinicio alikuwa na shati jeupe la pasi kali na mdomo usiopumzika. Alikuwa akimsifu Montás, mdakaji wa kati wa timu ya nyumbani.

"Jana mmeona alivyojitupa? Paka mtupu!"

"Paka aliyechelewa," ikadakia sauti nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa Nereida, msusi, gauni la manjano, rola za nywele kichwani. Mji ule mwanamke hushinda na rola akiitengeneza jioni yake, na mwenye akili haulizi jioni ya nani.

"Dada, wewe suka nywele, mpira tuachie."

"Nasuka na naona. Montás huondoka mpira ukishampita, ndiyo maana anaruka. Mdakaji hasa angeudaka kasimama, na wewe usingepiga hata kofi."

Vinicio akamlipia yaniqueque yake. Wakaendelea kubishana hadi msimu ukafika katikati, na ubishi ukaota mapenzi, kama ukungu unavyoota kwenye mkate.

Ila Vinicio naye alikuwa mrukaji. Miadi ya saa kumi alifika saa moja, kifua kimejaa maua. Siku aliyoitwa kujitambulisha kwa mama yake Nereida, bibi wa watu alingoja na gauni la kanisani mpaka akasinzia kitini. Ndipo magitaa yakalia chini ya roshani, na simu ya Nereida nayo.

"Malkia wangu, chungulia! Nimekuletea bendi nzima!"

"Nilikutaka wewe, saa kumi."

"Nimekimbia, mpenzi, sikia ninavyotweta!"

"Kama Montás. Usinipigie tena."

Majirani walimhurumia Vinicio. Watu humpenda mwenye vumbi magotini.

Akaenda uwanjani peke yake. Safari hii hakutazama mpira, alitazama miguu ya Montás tu. Rungu la mpigaji liligonga mpira, miguu bado imelala. Likagonga tena, vilevile. Uwanja ukashangilia mruko. Vinicio akatazama viatu vyake mwenyewe.

Jumapili saa tisa Nereida alirudi kutoka saluni, akamkuta jikoni kwa mama, anamenya ndizi. Hakuna maua. Hakuna gitaa.

"Umekuja lini?"

"Kabla mpira haujapigwa."

"Tangu asubuhi," mama akanung'unika. "Kanimalizia kahawa."

"Nataka nikuoe," Vinicio akasema, kisu mkononi, hata hakuinuka.

Posa kavu kama ile sijapata kuisikia. Jioni ilikuwa bado. Nereida alivuta kiti, akaketi, akaanza kufungua rola, moja baada ya nyingine.