Mji Niliotoa

Madam alinituma dukani kununua pakiti mbili za rasta za kusukia, jua likiwa linazama. Madam ndiye mwenye saluni. Niliporudi nikamkuta mteja ameshaketi kwenye kiti cha chini, mgongo kaupa mlango, na Mdomo ameshaanza kumchambua nywele. Mdomo ni msusi mwenzangu. Jina hilo alijitafutia mwenyewe.

"Fanya haraka, mwenzangu, tumsuke wawili tumalize," aliniambia. "Nina mume anasubiri kula."

"Mume gani? Si ulishamtoa?"

Tukacheka. Huo ulikuwa utani wetu wa kazini. Kusuka kunachosha mgongo, kwa hiyo sisi hutegana vitendawili. Anayeshindwa huombwa mji, na mshindi husimulia alivyokwenda huko na aliyoyafanya, ndipo atoe jibu. Miji tunayoijua tuliimaliza zamani, tukawa tunatoa chochote kile. Mdomo alimtoa mume, akaomba asirudishwe.

Nikakaa upande wa kushoto, nikashika fungu la nywele. Kichwa kilikuwa cha baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka kuoga... baridi ya ukuta. Na palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, wakati mvua hatujaiona miezi miwili. Nikaendelea kusuka. Mteja ni mteja.

"Kitendawili!" Mdomo akaanza.

"Tega!"

"Shamba langu jeusi, nalilima kutwa, mavuno wanaondoka nayo wengine."

Kabla sijafungua kinywa, mteja akajibu kwa kunong'ona, kichwa kakiinamisha. "Nywele za wateja."

Mdomo akapiga makofi. Akatega cha pili, akatega cha tatu. Mteja akavijibu vyote, upesi upesi. Kisha akasema taratibu:

"Kitendawili."

"Tega!" Nilijibu mimi. Mimi mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

"Nyumba yake, ufunguo wake, hodi anapiga."

Nikasema ni mpangaji. Siye. Mdomo akasema ni mlevi aliyechelewa kurudi. Siye.

"Nipe mji," akanong'ona.

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Asubuhi ile nilikuwa nimegombana na mama. Tunaishi wawili tu, na macho yake yamefifia, watu huwajua kwa sauti. Alinilaumu kwamba kila siku nachelewa kurudi, nikaondoka nimenuna.

"Chukua kwetu," nikasema. "Na mama mchukue humo humo, nipumzike."

Mdomo akaangua kicheko. Mteja hakucheka.

"Nimekwenda kwao," akaanza. "Nimepita mlango wa uani, nikaruka ndoo ya bluu yenye ufa. Nimemkuta mama kaketi ukingoni mwa kitanda, anapapasa kutafuta kandambili ya kushoto. Nimemvalisha. Akaniuliza, mbona leo umewahi?"

Nikaachia fungu la nywele.

Ndoo ile ilipata ufa asubuhi hiyo hiyo. Niliipiga teke mimi, kwa hasira, na hakuna niliyemweleza.

"Nikamwambia, mama, nimekuja kukaa."

Sauti haikuwa ya kunong'ona tena.

Ilikuwa yangu.

Mdomo akanitazama mimi, akamtazama mteja, kitana kikamdondoka. Mteja akainuka. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Akatoka bila kugeuka, na si mimi, si Mdomo, si Madam aliyewahi kumwona uso.

"Jibu... jibu hajatoa," Mdomo akasema.

Nilikimbia. Kutoka saluni hadi kwetu ni mitaa mitatu, na njia nzima nilikuwa naomba nimkute mama yuko salama, anilaumu hata mpaka asubuhi. Nikaingiza ufunguo. Ukazunguka vizuri, ila mlango haukufunguka. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Mama hatii komeo kabla sijarudi. Hajawahi.

Nikagonga.

"Hodi! Mama, nifungulie!"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

Kijiko kikagusa sahani.

"Mwanangu yumo humu ndani, tunakula," mama akasema, kwa upole anaowapa wageni. "Sauti yako wewe siijui, binti. Nenda salama."

Hapo nikaelewa nimesimama wapi, na mkononi nimeshika nini. Nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, nikapiga kelele, "Jibu ni mimi! Nimelijua, ni mimi! Nirudishie!"

Upande wa pili mtu akapumua. Harufu ya udongo ikanijia usoni.

"Ndiwe," ikanong'ona sauti yangu. "Lakini mji ulishautoa."

Leo ni wiki ya tatu nalala kwa Mdomo. Majirani wananisalimia kama mpita njia. Madam alijitolea kwenda kuzungumza. Aliporudi alisema amemkuta mama na binti yake, wanaendelea vizuri, na toka siku hiyo haniangalii usoni. Mdomo peke yake ndiye anayeniita jina langu, na hata yeye siku hizi husita kidogo kwanza.

Jana jioni mama alikuja saluni, akipapasa ukuta. Nilitaka kumrukia nimkumbatie. Badala yake nikampa kiti.

"Binti, wewe ndiye uliyemsuka mwanangu?"

"Ndimi."

Akanishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likafika kinywani pake.

"Siku hizi halali," akanong'ona. "Nikijilaza, anakaa ukingoni mwa kitanda. Nasikia pumzi zake hapa, usoni, mpaka kunakucha. Naogopa, mwenzangu. Kumwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe, nitamwambia nani?" Akanibana mkono. "Wewe ungekuwa ndiye mwanangu, ungeniambia nifanye nini?"

Nikafungua kinywa nimwambie.

"Mama," sauti yangu ikaita kutoka nje, barabarani. "Twende nyumbani."

Mama akaniachia mkono.