Hakuna Ulezi Kifuani mwa Madinah

Katika nyumba ya Nasuru, mwuza samaki wa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hakuna aliyelala vizuri mwezi ule wa Agosti 1987. Wote walikuwa wakisikiliza pumzi za mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa Madinah, binti wa miezi minne. Mama yake, Swabulah, alimpata baada ya miaka sita ya ndoa. Miaka sita! Watu walikuwa wameshachoka hata kuuliza. Siku alipozaliwa, Nasuru aligawa samaki bure tangu asubuhi hadi jioni. Kesho yake akajuta kidogo, lakini furaha haikumtoka.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtu mwingine, Bibi Faida, mama mzazi wa Nasuru. Alikuwa ametoka Zaire pamoja na mwanawe. Bibi Faida alikuwa na moyo mwema na maneno mengi. Shida yake, maneno yalitangulia moyo.

Kila asubuhi Nasuru alikwenda ziwani kuchukua samaki. Bibi Faida alikoroga uji. Swabulah alikaa kwenye mkeka akamnyonyesha Madinah. Na hapo ndipo taabu ilipoanza. Madinah alinyonya kidogo, akaachia titi, akahema. Akanyonya tena kidogo, akaachia. Jasho lilimtoka kichwani hata kama kuna baridi. Watoto wenzake walikuwa wameota mashavu. Yeye mikono yake ilibaki myembamba.

"Huyu mutoto iko na bulo mu kifua," Bibi Faida alisema siku moja.

Bulo ni ulezi. Wenyeji wa upande huo waliamini kwamba punje za ulezi huweza kuingia kifuani mwa mtoto na kumziba pumzi. Wapo waganga waliosugua kifua kwa majani, kisha wakakichanja kwa wembe ili kuzitoa. Bibi Faida aliyasikia hayo kwa majirani na kuyashika kama yake.

"Na ni wewe ulimuletea," aliendelea. "Mwezi wa saba ulipepeta bulo ya jirani na mutoto ku mugongo. Niliona na macho yangu!"

Ni kweli Swabulah alikuwa amepepeta. Alisimama, akatundika ungo juu ukutani, akaapa hataugusa tena. Tangu siku hiyo alijiona muuaji wa mtoto wake mwenyewe. Alilia akiosha vyombo, alilia akichota maji. Mumewe alipomwuliza, alisema moshi umemwingia machoni.

Bibi Faida akaenda kuongea na mganga. Wakakubaliana siku, Alhamisi asubuhi.

Jumatano mchana alikuja Kellen. Huyu alikuwa muuguzi wa kliniki ya Base Camp, Mnyankole mwenyeji wa huko, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuja kununua samaki tu. Lakini macho ya muuguzi hayana likizo. Alimwona Madinah akinyonya, akasahau samaki.

"Nyabo, mama yangu, huyu mtoto anachoka hivi kila siku?"

"Kila siku," Swabulah alisema.

"Jasho hili la kichwa nalo?"

"Kila akinyonya."

Kellen alingoja Madinah atulie. Akafunua kifua cha mtoto, akatazama saa yake ya mkono, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Alitoa mfukoni kipimo chake cha masikio, akakiweka kifuani. Alisikiliza sana.

"Pumzi zake ni sabini kwa dakika," Kellen alisema. "Ni nyingi. Mtoto wa umri huu akiwa ametulia hafikishi hamsini. Na moyo wake una sauti ya ziada. Unavuma. Mwende Mbarara hospitali, aonwe na daktari."

"Hakuna kwenda Mbarara," Bibi Faida aliingilia. "Ni bulo. Kesho mganga anakuja kuitosha."

"Ataitoa kwa wembe?"

"Kwa wembe. Miye niliona akiitosha kwa mutoto wa pale juu. Bulo ilikuwa mu mukono wake, punje tatu!"

Kellen aliuliza polepole, "Mama, na huyo mtoto wa pale juu yuko wapi leo?"

Mtoto huyo alikuwa amezikwa kabla ya Ramadhani. Bibi Faida mwenyewe alikuwa amekwenda matangani.

"Sikuja kugombana," Kellen alisema. "Lakini nisikilizeni. Wembe ule unachanja watoto wengi. Una uchafu tusiouona. Uchafu unaingia kwenye damu, na damu yote inapita moyoni. Kama moyo una kasoro, uchafu unaweza kukaa pale pale na kuuozesha. Hata kule kung'oa watoto wachanga meno yasiyoota bado, kwa chuma, eti ndiyo yanayowaletea homa, ni hatari hiyo hiyo."

Nasuru aliporudi alikuta wanawake watatu wamenuna. Akamtazama mama yake, akamtazama mke wake. Maskini, kumpinga mama hakuwa amezoea. Alijikuna kichwa.

Ndipo Swabulah aliposema, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Baba Madinah, nimengoja miaka sita. Huyu mtoto hachanjwi. Kesho napanda lori la samaki, nakwenda Mbarara. Ukitaka njoo, usipotaka baki."

Kumbe huyu mama alikuwa na ulimi! Nasuru alisema, "Tunakwenda wote."

"Na miye nakwenda," alisema Bibi Faida kwa hasira. "Nataka nione hiyo bulo na macho yangu."

Alhamisi walifika Mbarara wakinuka samaki. Daktari aliyewapokea aliitwa Jovan. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka. Swabulah alimweleza aliyoyasema Kellen, naye akatazama kwanza midomo ya Madinah, ulimi wake na kucha zake.

"Amewahi kuwa wa buluu hapa midomoni au kwenye ulimi?"

"Hapana."

"Vizuri. Ukiona hivyo wakati wowote, usingoje kuche. Mlete hospitali mara moja."

Akabonyeza tumbo kupima ini. Akashika mapigo mikononi na mapajani. Akasikiliza kifua, mbele na nyuma. Halafu akaanza maswali ambayo Bibi Faida aliyaona ya ajabu.

"Maziwa humtokea puani akinyonya?"

"Hapana," Swabulah alijibu.

"Amewahi kupata degedege?"

"Hajawahi."

Daktari aliingiza kidole safi mdomoni mwa mtoto, akapapasa kaakaa. Akatazama masikio, macho, vidole. Akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi kupima kama anasikia, na Madinah akashtuka.

"Dokta," Bibi Faida alishindwa kuvumilia, "ugonjwa iko mu kifua. Unatafuta nini ku masikio?"

Daktari Jovan alicheka. "Swali zuri, mama. Mwili wa mtoto hujengwa kwa maagizo. Nusu yanatoka kwa baba, nusu kwa mama. Ni kama fundi anayejenga kwa kufuata ramani. Mara chache sana kipande kidogo cha ramani hukosekana. Basi moyo huweza kuwa na kasoro, na mahali pengine pia. Kaakaa, masikio, au madini ya damu yakapungua, mtoto akapata degedege. Ndiyo maana nikisikia moyo una shida, natazama mwili mzima."

"Na huyu?" Swabulah aliuliza. Alikuwa amebana shuka ya mtoto kwa mikono miwili.

"Huyu simwoni na dalili hizo. Kipimo chenyewe cha kutazama maagizo hayo hapa hatuna, kwa hiyo nitaendelea kumwangalia anavyokua. Sasa twende tukapige picha ya kifua."

Picha ilipokuwa tayari, daktari aliishika dirishani penye mwanga. Bibi Faida akasogea mpaka pua ikakaribia kuigusa. Alitafuta. Alitafuta juu, akatafuta chini, akatafuta pembeni.

"Bulo iko fasi gani?"

"Tafuta, mama. Chukua muda wako."

"Sioni."

"Hata mimi sioni. Haya mawili meusi ni mapafu. Huu mweupe katikati ni moyo. Umekuwa mkubwa kidogo, kwa sababu unafanya kazi nyingi. Moyo una vyumba vinne. Kati ya vyumba viwili vya chini kuna ukuta. Nadhani ukuta wa Madinah una tundu. Damu inavuja kupita hapo. Ile sauti aliyoisikia muuguzi wenu ni damu ikipita."

"Sauti ni kubwa sana?" Swabulah aliuliza.

"Kubwa."

Swabulah alimkumbatia Madinah, akageukia mlango. Nasuru akamshika.

"Ngoja, mama! Kaa. Upepo ukipita mlangoni unasikia kitu? Husikii. Ukipita kwenye ufa mdogo, unapiga mluzi. Mara nyingi sauti kubwa ni ya tundu dogo. Picha nayo, na mapigo, vinanionyesha hili si kubwa sana. Matundu mengi ya aina hii hupungua mtoto akikua. Mengine hujifunga yenyewe. Lisipojifunga, tutampeleka kwa madaktari wa upasuaji. Kwa sasa nampa dawa ya kupunguza maji mwilini, apumue vizuri. Wewe mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Mumpime uzito kila mwezi kwa Kellen, na mniletee kila miezi mitatu."

Swabulah alikaa. Kulikuwa na neno moja alilolibeba tangu siku alipotundika ungo. Alilitoa.

"Daktari, ni mimi niliyelifanya hilo tundu? Nilipepeta ulezi na mtoto mgongoni."

Daktari Jovan alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Mtoto alikuwa na umri gani ulipopepeta?"

"Miezi mitatu."

"Moyo wa mtoto hujengwa mapema tumboni. Mimba ikiwa ya miezi miwili, kuta zake zimeshasimama. Hilo tundu alizaliwa nalo. Ungepepeta ulezi wa Ankole nzima, usingetoboa moyo wa mtoto. Hukukosa, mama. Wala baba hakukosa."

Ndipo Swabulah alipolia, na safari hii hakusingizia moshi. Alilia kwa sauti, mbele ya daktari na mume na mkwe, mpaka moyo ukawa mwepesi. Bibi Faida alisimama pale akichezea pindo la kitenge chake. Kisha alimchukua Madinah mikononi mwa mama yake, ili mama alie vizuri.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mudomo yangu ilitangulia."

Walirudi Nakivale. Dawa ilitolewa asubuhi na jioni, na aliyeisimamia kuliko wote alikuwa Bibi Faida. Ole wake atakayechelewa! Baada ya wiki tatu Madinah alinyonya bila kuachia. Baada ya miezi miwili mizani ya Kellen ilipanda. Baada ya miezi sita daktari alipunguza dawa, na mtoto alipofikisha mwaka akaiondoa. Kila mara alisikiliza, kila mara alisema, "Bado lipo, lakini linapungua."

Julai 1989 walikwenda tena. Madinah alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na hakutaka kukaa kitini. Daktari alisikiliza mbele. Akasikiliza nyuma. Akarudia. Kisha akavua kipimo na kumvisha Bibi Faida masikioni.

"Unasikia nini, mama?"

Bibi Faida alikunja uso. "Du-dum. Du-dum."

"Kingine?"

"Hakuna kingine. Ni moyo tu."

"Basi sote wawili tumesikia sawa. Limejifunga."

Nasuru aligawa samaki tena, siku nzima. Safari hii hakujuta.

Ulikuwa msimu wa ulezi. Kesho yake asubuhi jirani alipita kuomba msaada wa kupepeta. Swabulah alitazama ukutani. Ungo ulikuwa palepale tangu siku ile, umejaa vumbi na utando wa buibui. Kabla hajainuka, Bibi Faida alikwishapanda kigoda. Aliushusha, akaufuta kwa kitenge chake, akaupiga piga, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili.

"Enda, mwanangu," alisema. "Na mutoto, umupeleke ku mugongo."