Aliyepaka Mlango wa Saba

Komeo la mlango wa saba lilipovutwa, mwenyekiti wa kamati ya mtaa alitoka na mlango. Alikuwa ameuegemea kwa ndani, amekaa kitako, na ulipofunguka aliangukia miguuni mwa mafundi umeme waliokuja kufunga taa. Mmoja wao alikimbia hadi mwisho wa mtaa kabla hajajua anakimbia nini.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi. Sherehe ya ufunguzi ilikuwa saa sita. Mtaa huu wa katikati ya mji ulikufa miaka kumi iliyopita, maduka yakafungwa, popo wakahamia. Wakazi wenyewe ndio waliokuwa wameufufua. Walizibua mitaro, wakafukia mashimo, wakapanda miti, na jana yake walishinda wakipaka rangi. Aliyewaunganisha wote hao alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye kipaji cha kumtuma mtu kazi ngumu mpaka mtu akashukuru. Tangu jana yake mchana hakuonekana, kila mtu akidhani yuko mbioni na maandalizi ya sherehe. Sasa alikuwa amelala sakafuni, kanga yake imejaa vumbi.

Inspekta alikwishaona maiti wengi. Huyu alimkata maini.

"Jeraha la kisogoni," alisema daktari wa polisi, amepiga magoti. "Ameanguka kutoka juu, au kasukumwa."

Ngazi ilikuwa bado imeegemezwa kwenye ukuta wa saluni ya jirani, iliyofungwa siku nyingi. Kwenye kizingiti cha saluni palikuwa na doa jeusi la damu iliyokauka.

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana." Daktari aliinua mkono wa marehemu. Ncha za vidole vinne zilikuwa nyekundu. "Hii si damu, ni rangi. Ameigusa ikiwa mbichi."

Inspekta aliukagua mlango. Kwa nje ulikuwa wa bluu, kama milango yote ya mtaa. Kwa ndani ulikuwa chuma kitupu. Chini palikuwa na upenyo wa kutosha kupenyeza vidole, na hapo, chini ya bluu, palionekana rangi nyekundu iliyokwanguliwa michirizi minne. Bluu ilipakwa baadaye, juu ya michirizi hiyohiyo, kwa mkono uliotulia.

Ilimchukua muda kuelewa anachokiona.

"Daktari, unataka kuniambia mlango huu ulipakwa yeye akiwa hai humu ndani?"

"Alikuwa hai. Labda saa mbili, labda zaidi."

Koplo, baba wa watoto watano, asiyetishwa na kitu, alitoka nje akaenda kusimama peke yake.

Huko nje mambo yalikuwa yameshaharibika. Watu wapatao sitini walikuwa wamemzunguka fundi viatu. Huyo ndiye mtu pekee aliyeukataa mradi tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisema mtaa ukipendeza, kodi itapanda na watu kama yeye watafukuzwa. Shati lake lilikuwa limechanika begani, na mtu mmoja ameshika koleo.

"Mtupishe," alisema Inspekta. "Yeyote atakayemgusa nitaondoka naye."

"Afande, huyu ndiye," alisema mwenye koleo. "Angalia orodha."

Orodha ilibandikwa kwenye nguzo. Mwenyekiti aliweka sharti moja: hakuna kupaka mlango wako, kila mtu apake wa jirani yake. Alisema ukipaka wa jirani utamsalimia kesho. Mlango wa saba, wa duka tupu, ulikuwa zamu ya fundi viatu.

Inspekta alimwingiza kwenye gari la polisi, akafunga vioo.

"Ulipaka mlango wa saba?"

"Sijashika brashi tangu nizaliwe, afande."

"Umepakwa."

"Nimeona. Jana mchana nilienda sokoni kununua gundi, niliporudi nikaukuta unang'aa. Nikasema wamechoka kunibembeleza." Alijifuta jasho. "Watu hawa wataniua, eti?"

"Wakikupata, ndiyo."

Hakutaka kumdanganya. Alikuwa na askari wanne tu, na kila dakika watu walizidi kuja.

Alirudi kwenye milango, akatembea kutoka wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Kumi na moja ilikuwa kazi ya wananchi: rangi imechuruzika, vitasa vimepakwa, kutu inachungulia, nzi kadhaa wamekauka humohumo. Wa saba ulinyooka. Kutu ilikwanguliwa kwanza, bawaba zilizibwa kwa karatasi ya gundi, na chini ya bluu kulikuwa na ile nyekundu.

Mtunza stoo wa kamati, fundi cherehani, alikuwa analia huku akikunja vitambaa vya meza.

"Dada, mlinunua praima? Ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu?"

"Hatukununua. Tulipaka bluu juu ya kutu, Mungu atusamehe. Brashi ametulalamikia wiki nzima, anasema tunamwaibisha."

Inspekta alitamani asingelisikia jina hilo. Brashi alikuwa mchora vibao. Maduka yote ya mtaa huu aliyaandika yeye kwa miaka arobaini, na alikuwa shemeji wa marehemu, mume wa dada yake aliyefariki. Jana walimsifu kwa kupita mlango kwa mlango akiwafundisha watu kushika brashi.

Alimkuta kwenye ofisi ya kamati, amekaa wima, mikono magotini.

"Pole kwa msiba, mzee."

"Tumeshapoa, mwanangu."

"Nataka macho yako tu. Mlango wa saba, unadhani ni mkono wa nani?"

"Siwezi kujua. Watu walikuwa wengi."

"Basi ni mtu aliyelipua kazi. Pale chini rangi imekunjamana, inatia aibu."

Kidole gumba cha mzee kilianza kusugua goti.

"Ile si kazi ya kulipua," alisema. "Praima haikukauka, ndiyo maana pamekunjamana. Ningepata saa mbili zaidi..."

Hakumalizia. Koplo, aliyemfuata Inspekta na daftari, aliacha kuandika.

"Ungepata saa mbili zaidi, ungefanyaje, mzee wangu?"

Brashi aliinamisha kichwa.

"Sikuja kumwua," alisema. "Watu walienda kula upande wa pili wa mtaa. Nilirudi kuchukua kopo langu. Nikamkuta juu ya ngazi, anapaka saluni ya mke wangu."

"Na saluni ilikuwa na nini?"

"Uso wake. Nilimchora ukutani mwaka aliofungua, anacheka. Picha zetu ziliungua na nyumba, ukuta ule ndio uliobaki. Kila asubuhi nilipita hapo. Kikao kilipoamua kuta zote ziwe nyeupe, nilimwomba shemeji ukuta mmoja tu. Akaniahidi. Halafu namkuta na rola, uso mzima umeshakuwa mweupe."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Shemeji, ngoja nikueleze, nisipoanza na ukuta wa dada yangu nani atanisikiliza?' Sikungoja. Niliisukuma ngazi. Alipoanguka hakutikisika, nikajua amekufa. Nikamvutia dukani, nikafunga komeo, nikairudisha ngazi ukutani, nikaanza kupaka ili ionekane mlango ulimalizwa zamani."

"Kwa nini praima?"

"Ni chuma, mwanangu. Unaanzaje?"

Inspekta alijikaza asipandishe sauti. "Akagonga."

"Akagonga. Akaita. Spika ya kamati ilikuwa inapiga muziki, nilisikia mimi peke yangu. Nikawaza, akitoka atasema. Nikawaza nimalize kwanza, nikimaliza nitajua la kufanya. Vidole vilitokea chini." Alifumba macho. "Nikapaka bluu."

"Alikuwa anaita nini?"

"'Shemeji, hajafutika.' Tena na tena. Nilidhani akili imemtoka."

Inspekta alisimama. Alimfunga pingu, akatoka naye mpaka kwenye ukuta wa saluni, Koplo nyuma yao. Umati ulipoona ni nani aliyefungwa, ukarudi nyuma. Mwenye koleo alilishusha chini, na mama mmoja akashika kichwa.

Ukuta ulikuwa mweupe, umekauka. Inspekta alipapasa hadi ukucha wake ukanasa kwenye ukingo. Alivuta. Rangi ilitoka kipande kizima, imeganda juu ya nailoni nyembamba iliyobandikwa kwa gundi pembeni, kwa uangalifu wa mtu aliyetaka siku moja ibanduliwe. Watu wangeuona ukuta mweupe kama kuta nyingine, na shemeji angejua kilicho chini yake.

Lilitokea paji la uso, kisha jicho, kisha meno ya mwanamke anayecheka, rangi zake hazina hata doa.

"Alikuwa ananieleza," alisema Brashi.

Alikaa chini kwenye kizingiti cha saluni, na ilibidi askari wawili wamnyanyue.