Jina Ndani ya Hamira

Jumatatu ile Pa Kou Vang alipofungua maabara, kitu cha kwanza kilichomkera kilikuwa harufu. Harufu ya hamira alishaizoea. Miaka sita sasa alikuwa akirudi nyumbani mjini St. Paul ananuka mkate, hadi mumewe akamtania kwamba ameoa mwokaji bila kujua. Hii ilikuwa nyingine, ya glovu za sufi zilizolowa theluji zikawekwa juu ya hita zikauke. Glovu za mtoto, na mtoto haruhusiwi kukanyaga pale. Akatafuta chini ya meza na nyuma ya majokofu, asione kitu.

Akamwambia bosi wake, Solveig Haugen.

"Pua yako imechoka," Solveig akamjibu. "Chukua likizo." Lakini hakumtazama usoni.

Solveig alikuwa mtu wa kuonewa huruma, ingawa mwenyewe angekugombeza ukimwonea. Bintiye, Tove, alikufa akiwa na miaka saba kwa maradhi ya mapafu aliyozaliwa nayo. Dawa yake ilipatikana kwenye mmea mmoja tu, tena kidogo mno, na haikumfikia. Baada ya maziko Solveig akajifungia kazini. Akaandika upya vinasaba vya hamira, hii hii ya mikate, mpaka ikawa inatengeneza dawa ile ndani ya chupa. Sasa watoto kumi na mmoja katika hospitali ya ng'ambo ya mto walikuwa wakiinywa kwa majaribio. Wote walikuwa hai, na wawili walisharudi shule.

Jumatano kikaja kikohozi. Chupa za hamira hukaa ndani ya kabati la joto linalozitikisa mchana kutwa, na mlio wake Pa Kou hakuusikia tena kwa mazoea. Asubuhi hiyo aliusikia kwa sababu ndani yake mlikuwa na kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu anayejizuia asisumbue wakubwa. Kikakoma. Baada ya saa moja na nusu kikarudi. Pa Kou akaanza kutazama saa, na kila ilipotimia saa moja na nusu, muda uleule ambao hamira huchukua kujigawa ikawa mbili, mlango wa maabara ulifunguka wenyewe taratibu, baridi ikaingia, nyayo ndogo zikasikika sakafuni, na kile kikohozi kikasogea hatua kwa hatua hadi mbele ya kabati la joto kikasimama hapo, huku yeye amejibanza kando ya jokofu, mkono mdomoni, akiomba kwa lugha ya mama yake kwamba kilichosimama pale kisigeuke kumtazama.

Kiligeuka. Alikuwa mtoto wa kike, gauni la hospitali mwilini, miguu mitupu, uso umesawijika kwa uchovu.

"Mama yuko wapi?" akauliza. "Ameniita."

Pa Kou hakumbuki alitokaje mle. Kesho yake alimvuta Solveig kando, akamsimulia aliyoyaona.

"Dada, uliandika nini mle?"

"Mle wapi?"

"Usinifanye mtoto. Ndani ya hamira."

Solveig akaketi. Watu wa kazi hiyo wana desturi yao: anayetengeneza kiumbe kipya huacha alama ndani ya vinasaba vyake, labda jina lake au la maabara, mahali pasipodhuru kitu.

"Niliandika jina lake," akasema kwa sauti ya chini. "Tove, njoo nyumbani. Ni hivyo tu."

"Na hamira ikijigawa, maandishi hayo yanakuwaje?"

"Inayanakili."

"Chupa moja ina hamira ngapi?"

 Hesabu Solveig aliijua, ni mabilioni, na kila moja ilikuwa ikimwita mwanawe.

"Kwetu sisi Wahmong, mwaka ukipita tunaiachilia roho iende zake," Pa Kou akasema. "Nyinyi mlimwachilia lini?"

"Sikumwachilia." Machozi yakamtoka. "Ningemwachiliaje, Pa Kou?"

"Basi tuandike hamira nyingine isiyo na jina."

"Hiyo itachukua miaka miwili hadi ikubaliwe. Dawa tuliyo nayo akibani ni ya wiki tatu."

Wakasubiri pamoja mbele ya kabati la joto hadi saa moja na nusu ikatimia. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia. Mtoto alikuja moja kwa moja hadi mbele ya mama yake.

"Mama, nimekuja."

"Karibu, kipenzi changu."

"Nikifika tu, unaniita tena. Inabidi nirudi kulekule mbali nianze upya. Miguu inaniuma."

Solveig akanyoosha mkono kumshika, akashika baridi. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akafungua kabati, akakusanya chupa zote kifuani, akaenda nazo hadi kwenye tanuri la mvuke, lile ambalo hakuna chenye uhai kinachoingia kikatoka. Pa Kou akamfungulia mlango wa tanuri. Hakuwa na moyo wa kumzuia.

"Nitalala sasa?" Tove akauliza.

Solveig akasimama pale na chupa zake.

"Kuna watoto kumi na mmoja," akasema hatimaye. "Wanaumwa kifua kama ulivyoumwa wewe. Dawa yao inatoka humu."

"Wakiikosa, watakuja kule niliko?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mtoto akakuna mguu mmoja kwa kidole cha mwingine, akitazama chupa.

"Basi endelea kuniita," akasema. "Lakini uwepo nikifika."

Solveig akazirudisha chupa kwenye kabati, moja moja, akawasha mashine. Pa Kou akamletea kiti akakiweka karibu na mlango. Baada ya saa moja na nusu mlango ukafunguka, na Solveig akasimama kumpokea.